Jina Langu kwenye Kioo cha Printa

Ibra,
Jumatano, baada ya alasiri

Kwa Dada Fawziya, Aija, Sur

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba kabla hujavaa miwani, basi ivae sasa, ukae penye mwanga, na mguu uuweke juu ya mto. Goti linaendeleaje? Siku hizi limekuwa kama mtu wa nyumbani, kila nikipiga simu lazima nalo nilisalimie. Insha'Allah limepunguza ghadhabu zake. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Shukriya anakusalimu sana, na anasema ile achari ya ndimu uliyotuletea imekwisha na aliyeimaliza ni mimi. Usimsikilize. Yeye alikuwa akiila amesimama jikoni, na kwa hesabu zake chakula anachokula mtu amesimama si chakula.

Huyu aliyekuletea barua naye hajambo, unamwona mwenyewe hapo mbele yako. Kanenepa kidogo mashavu. Shukriya humpikia mkate wa ufuta kila akitamani, na yeye hutamani kila siku. Mwaliko wako wa Ijumaa nimeupata na nimeuelewa vizuri, pilau na watu wenyewe utakaowapikia. Jibu lake nitakupa mwishoni, usiruke ukaanza na huko chini. Nakujua wewe, hata gazeti ulikuwa ukilisoma kutokea nyuma.

Utajiuliza kwa nini barua, zama hizi, na simu mimi ninayo. Dada, kwako simu haina siri. Nikikupigia unaniweka kwenye spika kwa sababu mikono ina unga, na nikikutumia sauti Lamees anaisikiliza kabla yako, kisha anakuhadithia kwa ufupi, na ufupi wa binti yako unaujua. Nikaona nikuandikie Kiswahili chetu, kwa karatasi, maana nyumba nzima hakuna anayekisoma ila wewe. Mchukuzi wa barua hii anajua "njoo", "kula" na "haya basi", na yote hayo aliyajulia kwenye sinia.

Usishangae pia kuona imepigwa chapa. Mwandiko wangu unaufahamu. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kuku wake wakitembea juu ya unga wanaandika vizuri kuliko mimi. Nimeiandika kwenye kompyuta ya nyumbani, na kesho asubuhi nitamwomba mchukuzi huyuhuyu anitolee kwenye printa ya ofisini kwa jina lake, kwa sababu mimi na printa ile hatusemezani. Na hiyo ndiyo habari yangu.

Ile printa yetu ya zamani ilikuwa bubu. Unaituma, inatoa karatasi, inakwama, unaipiga teke, inatoa tena. Tulielewana. Sasa wametuletea hii mpya, kubwa kama friji, ina kioo usoni. Huwezi kutoa karatasi mpaka uisimamie mbele, uguse jina lako kwenye kioo, utie namba yako ya siri, ndipo ikuhudumie. Na nyuma ya kila jina kuna mipangilio ya mwenye jina: lugha anayosemeshwa, ukubwa wa maandishi, wino mwingi au kidogo, upande mmoja wa karatasi au pande mbili. Mwenye namba kubwa ya mashine anaweza kuingia nyuma ya jina la mtu yeyote na kupanga anavyotaka. Namba hiyo nilipewa mimi, kama mkuu wa sehemu ya chapa na mafaili. Mimi, ambaye nyumbani nikitaka kubadilisha saa ya oveni namngoja Shukriya.

Basi namba hiyo nikampa na kijana mmoja wa kompyuta, nitamwita Sami, anisaidie. Kijana mzuri wa sura, dishdasha yake haina kunjo hata moja, kofia yake imekaa kama imepimwa kwa rula. Mtoto wa watu. Mimi ndiye niliyemsemea kwa mudir wetu, mkuu wa ofisi, Humoud, mpaka akapata mkataba, na nilisema maneno mengi mazuri mengine sikuwa na hakika nayo. Asili yake ni hukohuko kwetu, lakini akiwa na wenzake utadhani ukoo wake uko Ibra tangu Nabii Nuhu hajashuka jahazini. Ana adabu, sikufichi. Asubuhi tukikaa kwa kahawa na tende, yeye hushika dalla, lile birika la kahawa, na hunimiminia mimi kwanza, kabla hata ya waliozaliwa hapahapa na wenye ndevu ndefu kuliko zangu. Anamimina mpaka nitikise kikombe, kisha anainamisha kichwa. Nilikuwa nikijisikia kama bwana harusi.

Siku ya kwanza ya vituko nilikwenda mbele ya kioo, nikagusa jina langu, mashine ikanijibu kwa maandishi ya vijumba na vijiti. Nikadhani imevunjika. Yaqeen, karani wa mlango wa pili, akapita akasema hiki ni Kijapani, ya ammi, umekuwa mtu mkubwa, unasemeshwa Kijapani. Nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale. Zikaanza kutoka karatasi zimekunjwa kama vitabu vya watoto, kisha mashine ikalia kama gari inayorudi nyuma. Watu wakatoka vyumbani. Mimi, unanijua, nikiona watu wamekusanyika siwezi kuwaacha waondoke mikono mitupu. Nikaiinamia printa kwa heshima, kama wanavyoinamiana kwenye sinema zao. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nikacheka zaidi yao. Sami akaja mbio, akanitengenezea, akaniomba radhi kwa niaba ya mashine.

Baada ya hapo maandishi yangu yakawa yanatoka madogo, kama mayai ya chawa. Nikilalamika, yanakuwa makubwa wiki nzima, kisha yanarudi. Halafu yakaanza kutoka hafifu, kijivu kijivu, wakati ya wenzangu ni meusi ti. Mudir akaniuliza mbele ya watu kama na wino wangu umefunga Ramadhani. Nikaenda kwenye karatasi za Wiam, yule binti wa mafaili, nikaona ni nyeusi. Nikarudi kwenye zangu, kijivu. Nikajiambia, Khelef, macho yameanza kukuaga. Kwa nini nione zake vizuri na zangu nisione, hilo sikujiuliza. Mtu akishaambiwa amezeeka, hupokea tu kila kitu kinacholetwa kwa jina hilo.

Nikapelekwa Nizwa kwa daktari wa macho. Unaikumbuka safari ile, ulitupigia simu tukiwa njiani. Daktari akanipima, akasema macho yangu yako kama mwaka jana, sihitaji kitu. Mimi nikaona daktari mwenyewe mtoto mdogo, anajua nini. Nikanunua miwani mipya kwa nguvu, hii yenye fremu ya kahawia unayonitania kwamba nimekuwa kama bundi. Nikaambiwa inanipendeza sana. Nikarudi Ibra na macho mapya, nikatoa karatasi, na karatasi ni kijivu vilevile. Nilikaa nikaliangalia lile jina langu kwenye kioo, nikalionea huruma.

Lakini hayo yote yalikuwa mzaha wa kahawa. Lililoniangusha ni siku ya wageni. Walikuja wakubwa kutoka Maskati kufungua ukumbi wetu, na hotuba ya mudir nikapewa mimi niitoe kwenye printa, karatasi nzuri nene, pande mbili. Nikaitoa, nikaikagua upande wa mbele, safi, nyeusi, nikaibana, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Upande wa nyuma sikuugeuza. Akapanda mimbari, akasoma vizuri, akafika mwisho wa ukurasa, akaipindua karatasi: nyuma maandishi yote kichwa chini. Akaigeuza karatasi, ikawa sasa yuko kwenye ukurasa mwingine. Akaigeuza tena. Dada, Humoud alikuwa pale juu anaizungusha ile hotuba kama usukani wa lori kwenye kona za Wadi Bani Khalid, na kila akipata njia anakuta kona nyingine. Mgeni mmoja akacheka kwa pua. Basi ukumbi wote ukalegea. Kabla ya chakula, picha zake zilikuwa kwenye simu za watu wote mpaka Fanja.

Aliniita siku ya pili na mlango akauacha wazi makusudi. Akaniuliza kama huko Zanzibar nilikotoka tulikuwa tukifundishwa kusoma tumening'inia miguu kama popo. Akasema amenivumilia miaka kwa sababu mimi ni mtu wa kuchekesha, lakini ofisi si sherehe ya harusi. Nikasema ni kweli, bwana. Akasema baada ya Idi niende nikapumzike, nitapewa haki zangu na ngao ya kuning'iniza ukutani, na kwa kuwa nimekaa sana kwenye sehemu ile, jina la atakayeishika nimpe mimi, yeye atatia saini tu. Kila mtu alijua ni nani. Ni kiti cha kudumu hicho, si cha mkataba, na wa kukikalia alikuwa tayari anazunguka na dalla.

Siku hiyohiyo Sami akaniletea halwa ya Nizwa, bakuli zima, akanibusu kichwa, akasema yeye bila mimi si kitu. Nikaguswa moyo, wallahi. Nikamwambia asihuzunike, kiti changu kitapata mtu mwema.

Sasa nakuja kwenye penyewe. Unajua Shukriya amenikataza sukari, na ana majasusi mle ofisini. Basi nilichukua lile bakuli nikaingia chumba cha nyuma ya printa, tunamoweka maboksi ya karatasi. Kuna kiti changu kibovu mle. Mlango nikauacha wazi kidogo nipate mwanga. Nimejaza mdomo halwa, nasikia sauti za watu wawili wanakuja kwenye mashine. Ni Sami na Yaqeen. Ningeweza kukohoa, lakini ningekohoaje na mdomo umeshikwa?

Yaqeen alikuwa anataka aonyeshwe ile ya hotuba ilifanywaje. Sami akatia namba kubwa, akagusa jina langu. Kutoka pale nilipokaa nililiona kabisa kwenye kioo, Khelef, limekaa kati ya la Humoud na la Maen wa mapokezi. Akamwelekeza kwa ustadi, kama mwalimu: hapa unachagua karatasi ipinduliwe kwa upande wa ubavu, ukichagua kwa upande wa kichwa basi nyuma inatoka juu chini, na yule mzee hageuzi kamwe, anaangalia mbele tu. Akamwonyesha ya Kijapani. Akamwonyesha ya wino. Akamwambia kwamba nilikwenda mpaka Nizwa kununua macho mapya, na Yaqeen akaishikilia printa asianguke.

Yaqeen akamwuliza haogopi kama nitajua. Akajibu, yule? Yule mpige kofi atakuuliza kama mkono umekuuma. Akasema mzee hawezi kuondoka bila kusukumwa, na mtu kama mimi husukumwa kwa kuchekeshwa, anakwenda mwenyewe huku anashukuru. Halafu akaniiga. Kiarabu changu, dada, hiki nilichokuja nacho nikiwa nimeshaota ndevu, kilichokataa kunyooka mpaka leo: ile herufi ain ninayoimeza, ile qaf inayonitoka kama nimekwamwa na mfupa. Alinipata. Nilijisikia nimekaa ndani ya boksi na wakati huohuo niko nje nazungumza.

Yaqeen akataka zaidi, akamwambia fanya na yule mama. Inaelekea haikuwa mara ya kwanza. Sami akamwiga mama mmoja wa Kizinjibari, wa Zanzibar kama sisi, anayempigia simu mwanawe kazini: "Habibi, umekula? Umekula nini? Umekula na nani? Ushibe, habibi, usimwachie mtu!" Sauti inapanda juu mwishoni kama chai inayotaka kumwagika, Kiarabu na Kiswahili vimepikwa chungu kimoja, mwanamume anasemwa kike na mwanamke kiume, na kati ya swali na swali anavuta pumzi na kulalamikia mguu. Yaqeen alikuwa analia. Akamwambia hawa Zinjibari hawa, wallahi wangewekwa kwenye televisheni. Na Sami akasema hawa, ndiyo, hawa. Kama watu wa mtaa wa mbali.

Na mimi nilicheka. Nilicheka kimya kwenye yale maboksi, halwa mdomoni, machozi yananitoka, kwa sababu alimwiga vizuri mno. Nani aliyeigwa, utajua sasa hivi.

Sikutoka. Wakaondoka, nikamaliza halwa. Ndiyo, nililimaliza bakuli. Ungetaka nilitupe?

Jumapili iliyofuata mudir akaniuliza jina. Nikasema Wiam.

Nisikudanganye nikajifanya kadhi. Wiam ni binti mzuri, anafika mapema, na siku ile ya Kijapani naye alicheka kama wengine ila yeye alicheka mara moja tu. Lakini mashine hazijui kama Sami anavyozijua. Kwa kazi yenyewe Sami ndiye, na Humoud aliniambia hivyo, akaniuliza nina hakika. Nikasema nina hakika. Akaniuliza kijana amekosa nini. Nikasema hajakosa, bado mdogo tu, anapenda kucheka. Sikumtajia hotuba. Ningeitaja angefukuzwa palepale na angejua kwa nini, na mimi sikutaka ajue kwa nini. Nilitaka alale usiku ajiulize.

Mudir ametia saini, na itabandikwa Jumapili hii asubuhi. Mkataba wa Sami unakwisha mwisho wa mwezi, na kiti cha kumbakisha kilikuwa hicho kimoja. Namba kubwa ya printa nimeibadilisha, anayo Wiam peke yake. Na kutoa jina la mtu kwenye kioo nako nimejua, Sami mwenyewe aliwahi kunifundisha, kwa subira, akaniandikia hatua zake kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho yangu. Wiam nimemwachia hilo kama kazi yake ya kwanza. Kwa hiyo kesho Alhamisi ndiyo siku ya mwisho jina lake kufungua mashine ile. Jumapili atasimama mbele ya kioo atafute alipo, kati ya Maen na Wiam, asijione.

Sasa dada, kama umesimama, kaa.

Ofisini kwetu hakuna mtu anayeitwa Sami. Wala Humoud si jina la mudir wetu, wala Yaqeen si Yaqeen. Majina yote nimeyabadilisha isipokuwa yetu mimi na wewe, la Shukriya na la binti yako, kwa sababu atakayenitolea karatasi hizi atasimama mbele ya mashine aziona zikitoka moja moja. Kiswahili hawezi kukisoma, lakini jina lake mwenyewe angelitambua. Ndiyo maana sikulipiga chapa popote. Nimeacha nafasi hapa chini, na kesho akishanipa karatasi nitalitia kwa kalamu, kwa mwandiko wangu wa kuku. Aliyenipeleka Nizwa kununua macho, ambaye ulimpigia akiwa kwenye usukani nami pembeni yake, ukamwuliza kwenye spika ya gari kama amekula, ni huyo aliyekuletea barua hii:

Bassam.

Na yule mama anayeigwa ni wewe.

Ndiyo maana nilicheka. Ulikuwa wewe mtupu, Fawziya, na pumzi na mguu na kila kitu. Sijawahi kukusikia vizuri namna ile. Watu wangu wawili ninaowajua kuliko wote, mmoja ameingia kwenye koo la mwenzake, na mtu wa nje anajipiga mapaja.

Najua Ijumaa ni nini. Najua pilau ni ya kiti changu, na kwamba watu wa yule msichana wanakuja wamwone kijana mwenye kazi ya kudumu, na kwamba baba yake alisema wazi binti yake hampi mtu wa mkataba. Uliniambia wewe mwenyewe, kwa furaha, na sauti ikapanda juu mwishoni. Ningependa kukuambia kwamba nilipomtaja Wiam hayo sikuyakumbuka. Niliyakumbuka yote. Nilimwona msichana, nikamwona baba yake, nikakuona wewe umepiga pasi kanzu yako ya zambarau. Kisha nikasema Wiam. Kwa hiyo Ijumaa sitakuja, na jibu la mwaliko wako ndilo hilo. Ningekuja ningechekesha watu, na wewe ungejua ninachekeshea nini.

Kwangu hajafukuzwa. Chumba chake kipo, Shukriya hajui lolote na simwambii, na mkate wa ufuta utaendelea mpaka mwisho wa mwezi. Kesho asubuhi atanimiminia kahawa kwanza kama kawaida, nami nitatikisa kikombe nikishiba. Kisha nitamwomba anitolee barua ya mama yake. Nadhani atanitolea nyeusi, nzuri, pande mbili, nyuma na mbele sawasawa, kwa sababu akitaka kazi yake hana mfano. Ataniuliza nimekuandikia nini, kwa heshima, bila kungoja jibu. Bahasha sitaigundisha. Simu yake inaweza kumtafsiria neno kwa neno, hilo nalijua, lakini anayetafsiri ni mtu anayetaka kujua, na huyu tangu alipoanza kusema hajawahi kutaka kujua sisi wazee tunazungumza nini. Ataiweka barua juu ya kiti cha mbele cha gari na ataendesha nayo kutoka Ibra mpaka darajani kwenu, anasikiliza muziki.

Kumwambia leo, au kungoja Jumapili aione mwenyewe, au kuwapigia wale watu wasije, hayo ni yako. Mimi nimeshafanya yangu na yamenitosha. Ukinikasirikia una haki, na ukikaa muda bila kunipigia nitafahamu. Ila goti usiache kulipeleka kwa daktari kwa sababu yangu.

Msalimie sana Lamees, na majirani wa hapo Aija wanaonikumbuka, na waambie nimekuwa bundi kwa miwani. Shukriya anakubusu mikono. Na huyo aliyekaa mbele yako anakungoja umalize kusoma, kabla hujamwambia neno lolote, mwulize kwanza kama amekula. Mwulize kwa sauti yako ileile, usiibadilishe, umwangalie usoni.

Nduguyo akupendaye,
Khelef